Kisulisuli cha Saba

Lori la kumi na tisa lilipopita mbele ya mdomo wa handaki niliacha kuhesabu. Yalikuwa yanashuka tangu saa moja asubuhi, hayana dereva, yanafuatana kama ng'ombe wanaoijua njia ya mtoni, na juu yake watu wamekaa kimya kwenye magodoro yao. Wengine walinipungia mkono. Wengine walinitazama tu, kama unavyomtazama daktari aliyekwambia kwamba mguu lazima ukatwe. Nami nilikaa pale kwenye kreti la plastiki, miguu peku, nimevaa kanzu ya kazi ya pamba isiyo na kifungo wala zipu, mikono nimeiweka magotini.

Bonde la Ikubo lilikuwa linahama. Watu elfu tatu na mia moja, na mbuzi, na mabati, na milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Walikuwa wanahama kwa sababu wingu lilisema saba, na sheria ya bonde, ambayo waliipitisha wao baada ya maporomoko ya mwaka wa themanini, ilisema wingu likifika saba watu watoke. Wingu lilikuwa nyuma yangu, mita mia na themanini ndani ya Mlima Kyambo. Mlinzi wake nilikuwa mimi.

Lori la Subilaga likasimama. Halikutakiwa kusimama. Alikuwa amebonyeza kitufe chekundu, na mashine ikawa inamlalamikia kwa sauti ya upole kwamba haioni dharura yoyote.

"Nyamaza wewe," akaliambia lori. Kisha akanigeukia. "Sichalwe! Umekaa hapo kama mkaguzi wa nani?"

"Nawaaga, dada yangu."

"Unatuaga au unatuhesabu? Chukua huyu." Akanishushia kuku aliyefungwa miguu. "Jike. Usimle kabla hajataga. Nakujua."

"Kuku haingii handakini. Ana moyo unaopiga mbio."

"Basi kaa naye hapa nje, mpate kuzungumza. Si utabaki peke yako?"

Kwa miaka minne huyu mama alikuwa ndiye sauti niliyoisikia. Sura yake nilikuwa nimeiona labda mara ishirini. Handakini hakuna simu, hakuna redio, hakuna umeme wa kawaida karibu na wingu. Kuna bomba la plastiki tu, linalotoka chumbani kwangu hadi nje, na saa ya kusema ni saa kumi alasiri. Kila siku saa kumi Subilaga alikuwa anakuja kwenye mdomo wa bomba na kikapu cha chakula, ananisimulia nani kaoa, nani kaanguka na baiskeli, mbolea ya nani imeibwa. Hakuagizwa na mtu. Mumewe aliyekuwa mwalimu alishafariki, na mimi nilikuwa msikilizaji asiyeweza kuondoka.

Nyuma yake, kati ya kabati na mitungi, palikuwa na sanduku dogo la mbao jipya, limefunikwa blanketi la kijivu na kufungwa kamba pande zote.

"Na lile?"

"Huyo ni Mwalimu."

Sikuelewa kwa haraka.

"Mume wangu," akasema. "Ulifikiri nitamwacha? Jumanne nilianza kuchimba na shemeji zangu, kufika mchana tukampata. Wazee wamekasirika, wanasema haijawahi kufanyika, nikawaambia hata bonde kuhama halijawahi." Akaliweka sawa blanketi. "Ni mwepesi, Sichalwe. Mtu alikuwa mrefu vile, akigeuka kitandani kitanda kinalia. Nimembeba mwenyewe hadi barabarani."

"Na kaburi?"

"Nimeliacha wazi. Nilifukie lina nini?"

Malori ya nyuma yalishaanza kupiga honi. Subilaga akainama ukingoni mwa lori, akashusha sauti.

"Wewe ndiye unayekaa nalo. Niambie. Ni kweli saba?"

"Mashine imesema saba."

"Sijakuuliza mashine."

Nikamtazama kuku. Lori likachoka kusubiri, likaondoka lenyewe, naye akashika sanduku kwa mkono mmoja na kabati kwa mkono mwingine, bado ananiangalia, mpaka kona ikamficha.

*

Mimi si mtu wa shule. Nilisoma darasa la nne Sumbawanga, nikatoroka. Nikasoma jioni kwenye kambi ya reli. Nikapata mwaka mmoja wa ufundi kabla chuo hakijafungwa. Kazi nimefanya za kila namna, na kabla ya handaki hakuna mahali nilipokaa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo nitalieleza wingu kama Daktari Tusekile alivyonieleza siku ya kwanza, akiwa ameshika mwiko mbele ya sufuria ya uji.

"Mzee Kandidi, koroga." Yeye aliniita kwa jina la ubatizo, Sichalwe aliwaachia watu wa bonde.

Nikakoroga. Uji ukazunguka.

"Uji unakufuata kwa sababu unasuguana na mwiko, unasuguana na sufuria, unasuguana wenyewe kwa wenyewe. Sasa chukua gesi, kiganja kimoja cha atomi za rubidi. Iweke kwenye ombwe, ishike kwa mwanga ili isiguse ukuta wowote, ipoze. Siyo baridi ya barafu. Siyo baridi ya huko kwenye nyota. Baridi ambayo duniani haikuwepo mpaka tulipoitengeneza, sehemu ya bilioni ya nyuzi moja juu ya sifuri kabisa. Hapo atomi zinaacha kuwa nyingi. Zinakuwa kitu kimoja. Koroga hicho polepole, kitafanya nini?"

"Kitazunguka."

"Hakitazunguka. Mwiko utapita kana kwamba hakuna kitu, na gesi itakaa palepale. Ongeza mwendo, bado. Ongeza tena, bado. Halafu ukivuka mwendo fulani, ghafla, shimo moja linaingia ukingoni, na gesi inazunguka shimo hilo. Kisulisuli kimoja. Hakuna nusu, hakuna robo. Ama hakipo, ama kipo kizima. Na kikishaingia, hakipungui nguvu, maana hakuna msuguano wa kukichosha. Kinaweza kuzunguka mpaka wewe na mimi tuzeeke."

"Mimi tayari."

Alicheka. Alikuwa anacheka kirahisi siku zile.

Ndiyo maana wakaliweka ndani ya Kyambo. Bega la mlima lilikuwa linajipinda juu ya bonde, taratibu mno, ukucha wa mtu hukua kwa kasi zaidi. Mlima ukijipinda, chombo kilicholibeba wingu kinageuka pamoja nao. Wingu lenyewe linakataa kugeuka, linakataa, linakataa, halafu linakubali kwa kisulisuli kimoja. Nilipofika vilikuwa vinne. Mwaka wa pili vikawa vitano. Halafu sita. Kila alfajiri leza hafifu inagusa ukingo wa wingu, wingu linatikisika kama maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na kwa jinsi mtikisiko unavyogeuka mashine inajua idadi. Kwa hiyo tulikuwa tunajua ni vingapi. Havikuonekana. Ili uvione lazima uzime mwanga unaolishika wingu, litawanyike, upige picha moja linapotawanyika. Picha unaipata. Wingu huna tena. Na kutengeneza jingine lenye utulivu ule, Daktari alisema, ni majuma kumi na moja.

Mlinzi anatakiwa kuwa mmoja, kwa sababu watu wawili huongea. Anatakiwa asiwe na chuma chochote, maana sumaku hulikoroga wingu kama mwiko. Kila asubuhi anakizunguka chombo mara tatu kukagua vioo, na anatembea kwa mwendo tuliouita mwendo wa bibi harusi: unyayo, pumzi, unyayo. Siku moja kuelekea kulia, siku ya pili kuelekea kushoto. Mlangoni kuna dira imening'inizwa kwa uzi wa hariri. Unapita mbele yake, unasubiri, unaandika daftarini: sindano imetulia.

Mimi nina chuma kwenye nyonga. Niliangukiwa na gogo machimboni Chunya nikiwa na miaka hamsini, na zahanati ya mgodi ikanipachika walichokuwa nacho. Siyo kile chuma cha hospitali kubwa kisichopenda sumaku. Siku ya usaili waliniuliza, nikasema ni cha udongo wa kuchoma, kama vile vya siku hizi. Nilikuwa na miaka sitini na saba. Nilikuwa nimechoka kulala vyumba vya watu. Nikasikia kuna kazi ambayo kosa pekee ni kuondoka, nikaona hiyo ndiyo yangu.

Sindano ilikuwa inatikisika kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa naisoma, na mimi ndiye niliyekuwa naandika.

Na kwa miaka minne hapakutokea kitu, kwa sababu ile ile aliyoisema Daktari: koroga polepole, mwiko utapita kana kwamba hakuna kitu.

*

Nina binti mmoja, Skolastika. Tulikuwa hatujaongea miaka tisa, na kosa lilikuwa langu, sitaingia huko. Miezi miwili kabla ya malori, nilimpa Subilaga barua aipeleke posta, inayokwenda Mpanda, ambako nilisikia Skola ameolewa. Niliandika: ukifika Ikubo, njoo kwenye bomba saa kumi. Nikafikiria, nikaongeza: ukishindwa saa kumi, saa yoyote.

Siku tisa kabla ya malori, saa nne asubuhi, nilikuwa mzunguko wa pili, nakagua kioo cha mwisho upande wa mbali. Bomba likapiga filimbi.

Hakuna mtu aliyewahi kupiga filimbi saa nne asubuhi. Watu wote wa Ikubo waliijua saa ya kusema, hata watoto, hata wapumbavu. Kwa hiyo aliyepiga hakuwa mtu wa Ikubo.

Nilikimbia. Sikukata shauri la kukimbia. Nilijikuta nakimbia, mzee wa miaka sabini na moja, pindo la kanzu mikononi, nusu duara nzima kukipita chombo, huku chuma cha nyonga kikiwa hatua tatu tu kutoka kwenye wingu. Nilifika chumbani sina pumzi. Nikaweka mdomo kwenye bomba.

"Skola?"

"Shikamoo mzee," ikasema sauti ya mwanamume. "Mie mgeni kwenye ruti hii, nimechukua nafasi ya Gwakisa. Mayai trei mbili au tatu?"

Nikamwambia mbili. Akauliza kama nina trei tupu za kurudisha. Nikamwambia sina. Akanitakia kazi njema.

Alfajiri iliyofuata mashine ikasema saba.

Daktari alikuja mbio kutoka ofisini kwake bondeni, akasimama mdomoni mwa handaki, uso umepauka. "Mzee Kandidi, kuna kitu umekiona? Kuna kitu chochote tofauti jana?" Nikasema hakuna. Neno hilo lilitoka jepesi, kama unavyojibu salama kwa mtu aliyekuuliza habari za asubuhi. Baada ya hapo kila siku likawa zito zaidi kulirudisha. Siku ya pili walitangaza. Siku ya nne wakaanza kung'oa mabati. Saa kumi Subilaga alikuwa anakuja kwenye bomba kama kawaida, ananisimulia nani analia na nani anajifanya halii, nami ninasema mhm, mhm. Nilijiambia: huenda ni mlima kweli. Umekimbia wewe, na mlima nao umejipinda, siku moja. Yawezekana. Bado nasema yawezekana.

Jumatatu Subilaga hakuja. Jumanne hakuja. Sasa najua alikuwa anafanya nini Jumanne.

*

Lori lake lilipopotea kwenye kona nilimfungua kuku miguu, nikaenda kwa Daktari. Alikuwa nyuma ya handaki anapakia vifaa kwenye gari lake. Yeye alitakiwa kuondoka wa mwisho, na mimi nilikuwa nimejitolea kubaki majuma mawili zaidi na wingu.

"Daktari, nina chuma."

"Kimeingia wapi? Kidole?" Akasogea kunitazama mkono.

"Nyongani. Tangu kabla sijaja. Na siku moja kabla mashine haijasema saba, nilikimbia."

Akakaa kwenye ukingo wa gari. Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele.

"Ulikimbia mwendo gani?"

"Wa mtu aliyeitwa na mwanawe."

"Ulielekea kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Vyote sita vinazunguka kulia," akasema, kama anajisemea. Kisha: "Siku nane, mzee. Nilikuuliza mbele ya lango lile. Nilikuuliza kwa jina."

"Najua."

"Hujui. Sikiliza. Nikiwaambia sasa hivi, watageuza malori yote. Kama kisulisuli ni cha mlima, nitakuwa nimewarudisha chini ya mlima unaoanguka. Nikinyamaza, na ni chako, watakaa kwenye mahema msimu wote wa mvua, na saa nane mchana geti la daraja linafungwa. Unaijua sheria ya maeneo hatari. Likifungwa, bonde ni mali ya hifadhi ya msitu. Hakuna anayerudi, hata ukweli ukijulikana kesho."

"Tunaweza kutazama."

"Kutazama ni kuliua! Tutazame tukute ni cha mlima, tutakuwa tumejipofua wakati mbaya kuliko wote. Tukute ni chako, watu watarudi kulala chini ya mlima tusioweza kuusikia kwa majuma kumi na moja." Akafuta uso kwa kiganja. "Nipe siku mbili niwaulize wakubwa."

"Geti ni saa nane."

"Basi ninyamaze. Nitanyamaza, mzee. Kuwa hai kwenye hema ni bora. Utanichukia, lakini ndiyo hesabu."

Nilifikiri alikuwa na haki, na mpaka leo usingizi ukinipotea namfikiria akiwa na haki. Lakini nilikuwa nimeliona lile sanduku.

"Daktari, wewe nyamaza," nikasema. "Mimi nitashuka kwa miguu. Nikifika nimefika."

Ni kilomita sita hadi darajani. Nilikuwa nimetembea labda moja, peku juu ya kokoto, gari lake liliponifikia. Akafungua mlango bila kunitazama.

"Panda," akasema. "Hutafika."

*

Darajani malori yalikuwa yamejipanga kusubiri kuitwa majina. Watu walishashuka, wanakula ndizi za kuchemsha, wanagombana juu ya maji. Ambakisye, mwenyekiti wa bonde, alikuwa juu ya pipa na orodha yake. Mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe.

"Aa, mlinzi! Umelitelekeza wingu? Limekwambia nane?"

Watu wakacheka kidogo, wale ambao bado walikuwa na nguvu za kucheka.

Sijawahi kuhutubia. Nilisimama chini ya pipa nikasema kama ninavyoandika hapa: nina chuma, nilidanganya, mtu wa mayai alipiga filimbi nikakimbia, sijui. Nikarudia hiyo ya mwisho, kwa maana niliona hawaisikii. "Sisemi mlima haujipindi. Vile sita ni vyake. Cha saba sijui ni cha nani."

Kisha mama mmoja akasema, "Mlango wangu nimeung'oa kwa ajili ya trei ya mayai?" na hapo kelele zikaanza. Mtu mmoja alinirushia ganda la ndizi, likanipata sikioni. Mwingine akanikinga. Ambakisye alipiga pipa kwa kisigino mpaka wakanyamaza.

"Daktari. Kuna namna ya kujua?"

Daktari akawaeleza, tena vizuri, bila kuficha upande wowote. Kwamba kisulisuli kilicholetwa na mlima hujipanga katikati na wenzake, kama mashimo ya bao. Kwamba kilichokorogwa juzi juzi kitakuwa bado kiko ukingoni, peke yake. Kwamba picha itaonyesha, kwa uhakika wa tisa kwa kumi. Kwamba picha italiua wingu, na hapo itakuwa majuma kumi na moja bila kusikia chochote.

"Basi liue," akasema Ambakisye. "Wingu ni mali ya bonde. Tumelilea wenyewe. Wanaosema lifunguliwe, wavuke upande huu wa barabara."

Walivuka. Karibu wote. Subilaga hakuvuka huku wala huku. Alibaki juu ya lori lake, amekaa kando ya sanduku.

Daktari akafungua kompyuta yake, ile inayoiamuru mashine ya handakini, juu ya boneti. Akabonyeza. Huko juu, ndani ya mlima, katika chumba ambacho sasa hapakuwa na mtu, mwanga ukazima, na kitu nilichokitembelea kwa miaka minne kwa unyayo na pumzi kikatawanyika. Hakuna sauti iliyotoka. Nilikuwa nimetegemea itoke.

Picha ilikuja. Doa la kijivu, la duara, kama chapati kwenye kaango. Katikati mashimo sita meusi, yamepangika vizuri, kila moja limempa mwenzake nafasi. Na pembeni kabisa, karibu na kudondoka nje, moja.

Sikuhitaji kuelezwa. Nililitambua kama mtu anavyotambua mgongo wake kwenye kioo cha duka.

"Tisa kwa kumi," Daktari alikuwa anasema, "jamani, nimesema tisa kwa kumi, sikusema kumi," lakini picha ilishapita mikono mia, na watu walikuwa wanakumbatiana, na madereva wasiokuwepo walikuwa wanaamrishwa kugeuza.

Nikaenda kwenye lori la Subilaga.

"Kilikuwa changu," nikasema.

"Nimesikia. Sina uziwi."

"Mnaweza kurudi. Geti bado."

Alinitazama. Ilikuwa ajabu kuiona ile sauti ikiwa na macho.

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili yake."

"Saa kumi ya siku ile nilikuja. Nikakwambia habari za shemeji na jembe. Ukasema mhm." Akahesabu kwa vidole, si kwa kunikomoa, alikuwa anahesabu kweli. "Siku ya tatu nilikuja. Ya nne. Ya tano nikakwambia nafikiria kumchukua Mwalimu, nikakuuliza waonaje. Ukasema fanya moyo wako unavyotaka."

"Ndiyo."

"Nitamrudishaje sasa? Nimfukie shimo lile lile, nimwambie samahani baba, ilikuwa mayai?" Akavuta blanketi likafunika vizuri pembe ya sanduku. "Mtu hafukuliwi mara mbili. Mimi naenda huko kwenye mahema. Na wengine wakirudi, warudi. Daktari amesema tisa kwa kumi, wewe umesema hujui. Miaka yote hii hakuna mtu wa handaki aliyewahi kutwambia hajui. Mimi hilo nimelishika."

"Dada yangu—"

"Usiniite hivyo leo."

Akabonyeza kitufe. Lori lake lilikuwa mojawapo ya yale kumi na moja yaliyovuka daraja.

*

Waliorudi bondeni siku ile walikuwa elfu mbili na mia sita. Waliovuka walikuwa kama mia tano. Majina yote ninayo kwenye karatasi.

Juma la tisa, Alhamisi, saa tano asubuhi, bila mvua, sehemu ya bega la Kyambo iliteleza. Ilifunika kitongoji cha juu na nusu ya shamba la chai. Walikufa watu kumi na tisa. Ambakisye alikuwa mmoja wao, pamoja na mkewe. Walikuwa wanaezeka upya. Wataalamu wa tume waliandika kwamba wingu huenda lingeonya na huenda lisingeonya, kwa kuwa ulikuwa mpasuko wa juu juu. Tume haikunishtaki. Ilinisikiliza siku mbili, ikanipa chai, ikaniruhusu niende.

Daktari Tusekile alihamishwa, akafundisha miaka mitatu, kisha akarudi kujenga wingu jipya katika handaki lile lile. Lilianza kuhesabu kutoka sifuri, kwa maana vile sita havirudishiki. Sasa lina viwili. Mlinzi ni mashine.

Waliobaki hai walihamishwa wote mwaka uliofuata, na geti likafungwa. Kaburi la Mwalimu lilijaa maji, nasikia, kabla maporomoko hayajalifikia.

Subilaga alipewa kiwanja kwenye mji mpya, kando ya barabara kuu. Alimzika mumewe nyuma ya jiko, akapanda pesheni. Nilimwandikia barua tatu. Alifariki kiangazi cha mwaka wa nne kwa homa ya mapafu. Nilipata habari baada ya miezi mitatu kutoka kwa mtu wa mayai, ambaye nilikutana naye kituo cha basi Tunduma naye akanikumbuka kwa sauti.

Skolastika yuko Mpanda. Ana watoto watatu.

Mimi nipo Kirando, kwenye ghala la dagaa, napima magunia. Kazi inaanza saa mbili na kuisha saa kumi. Kuna watu wengi hapa, na kelele nyingi. Hakuna aliyeniuliza nilikotoka, nami sijamwambia mtu.